Bwana Anayelia Mwishoni mwa Santuri

Mzee Kondo alikuwa na santuri mia tatu na kitu nyumbani kwake Chamazi, na ungemwamsha usingizini ukamtajia yoyote, angekwambia iko rafu ya ngapi, aliinunua wapi, na siku hiyo alikuwa amevaa shati gani. Moja tu ndiyo hakujua jina lake. Na hiyo moja, kama ilivyo kawaida ya mambo ya dunia hii, ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyokuja kumletea mgeni mwenye hasira zake hadi mlangoni.

Lakini tusikimbilie huko. Mtu aliyezoea simu anataka wimbo uanze alipoubonyeza. Santuri haiendi hivyo. Unaitoa kwenye jalada, unaipuliza vumbi, unashusha sindano, unangoja ikwaruze kidogo, ndipo wimbo uje wenyewe kwa wakati wake. Na habari hii nayo tuiache ije.

Kila Jumapili baada ya sala ya alasiri, kibarazani kwa Kondo walikaa watu watatu. Wa kwanza Kondo mwenyewe, Mzaramo, aliyestaafu ukarani wa bohari. Wa pili Adelard, mwalimu wa hesabu, Mnyamwezi wa Tabora aliyejenga Ukonga, ambaye kwa muziki wa dansi wa zamani angeweza kuuza hata kitanda alicholalia. Wa tatu Tusajigwe, muuguzi, mama wa Kinyakyusa aliyepanga nyumba ya jirani, na yeye alikusanya santuri za kwaya peke yake. Kila mmoja alikuja na alichookota wiki hiyo. Kahawa ikimiminwa, kashata ikikatwa, santuri inawekwa, na hapo ni marufuku mtu kufungua mdomo mpaka wimbo uishe. Ukiisha, ndipo wanaanza kubishana kama wabunge.

Waliokaa mbali walikuwa na kundi lao la simu, Kondo aliliita Santuri na Kahawa. Huko watu wa Kinondoni, wa Kigamboni, hata wa Bagamoyo, walirushiana picha za majalada na vipande vya nyimbo. "Jamani, tazameni nilichokifuma leo kwa muuza chuma chakavu!" Basi siku hiyo kundi zima halilali.

Adelard na Kondo walikuwa watani, na utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ni wa tangu enzi za mababu, si wa kuombana radhi.

"Leo askari wamekuachia?" Kondo angemuuliza kila anapofika, kwa sababu ya lile gereza la kwao Ukonga.

"Nimewaambia naenda kumtazama Mzaramo mmoja, tangu ubwabwa wa mwisho mtaani hajatoka kitandani."

"Ingia, mpagazi. Tua mzigo."

Ndivyo walivyoamkiana kwa miaka ishirini na mbili, na mke wa Kondo, marehemu Farida, alikuwa akicheka mpaka anashika mlango.

Farida. Mwaka wa pili sasa tangu aondoke. Kiti chake kilikuwa pale pale kibarazani, cha mbao, chenye mto wa maua alioushona mwenyewe, na hapana mtu aliyewahi kuambiwa asikikalie. Watu walijua tu.

Ile santuri isiyo na jina ilikuwa ya kwao wawili. Waliinunua Temeke mwaka themanini na nane, miezi mitatu baada ya ndoa, kwa fundi redio aliyekuwa anahama. Ilikuwa ndogo, ya wimbo mmoja kila upande, na upande wa pili ulikuwa umekwaruzika vibaya, haufai kitu. Na ilikuwa chafu, jamani, ina ukungu na mafuta ya taa. Kondo akaenda kazini. Bibi harusi naye, apate kumfurahisha mumewe, akatia maji kwenye beseni, akachukua sabuni ya mche, akaisugua ile santuri kama anasugua sufuria la ubwabwa. Kondo aliporudi aliikuta imeanikwa kwenye kamba ya nguo, imebanwa na vibanio viwili, inang'aa, na ile karatasi ya katikati yenye jina la wimbo na la mwimbaji imekwenda na maji.

"Nimekosea?" Farida aliuliza, midomo inamcheza.

Kondo alicheka hadi akakaa chini. Hakumkaripia siku ile wala siku nyingine.

Na mashine yao? Mashine walipewa na mjomba, nayo ilikuwa na swichi ya mwendo iliyoshika kutu ikagoma. Hapa inabidi nieleze kidogo kwa wale wa juzi. Santuri kubwa huzunguka taratibu, mwendo wa thelathini na tatu. Ndogo huzunguka haraka, mwendo wa arobaini na tano. Swichi ile iligoma kwenye thelathini na tatu, mwendo wa kubwa. Wao hawakujua, wangejulia wapi? Wakaiweka ndogo yao hivyo hivyo, wakashusha sindano, wakangoja.

Akaimba mwanaume.

Sauti nzito, ya mtu mzima, inatoka mbali mno, kama mtu anayezungumza na wewe ukiwa nusu usingizini. Gitaa lilidondosha sauti moja moja, mithili ya maji yanavyodondoka kwenye bati mvua ikishakatika. Tumba nyuma ilitembea kama haina haraka ya kufika. *Fanya hima, mwenzangu, jua lisituache,* alisema yule bwana, taratibu, taratibu, *viatu viko mkononi, njia naijua.* Chumba kilibadilika. Joto la Temeke, kelele za uani, mtoto wa jirani anayelia, vyote vilirudi nyuma hatua mbili. Farida alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo na hakukiweka chini mpaka wimbo ukaisha.

Na mwishoni, gitaa likishanyamaza, ilisikika sauti ya yule bwana akilia. Hakuimba tena, alilia tu. *Huu... huu... huu...* Mara tatu, kwikwi nzito za mtu aliyejizuia wimbo mzima akashindwa mwishoni. Kisha kimya.

"Masikini," alisema Farida. "Analia nini?"

Waliuliza swali hilo miaka thelathini na nne. Walipokuwa na furaha waliuweka ule wimbo, walipogombana waliuweka, alipozaliwa binti yao Tunu waliuweka, na siku Tunu alipohamia Dodoma kikazi waliuweka mara mbili. Farida alikuwa na majibu mapya kila mwaka. Ameachwa na mke. Amezika. Amekosa safari ya Maka. Mwaka mmoja akasema labda ana njaa tu, bendi zilikuwa hazilipi.

Sasa msimwone Kondo mjinga. Ilipofika mwaka tisini na sita alipata fundi, swichi ikafunguka, na akaanza kununua santuri nyingine ndogo akazicheza kwa mwendo wake unaostahili. Siku ile ile alielewa kwamba ile yao wamekuwa wakiicheza taratibu kuliko inavyotakiwa. Aligeuka kumtazama mkewe, na mkewe alikuwa ameshaelewa kabla yake.

"Ile yetu usiiguse," alisema Farida. "Mwache mzee wa watu aimbe taratibu."

Hakuigusa. Nyingine zote zilikwenda mwendo wao, ile moja ilikwenda mwendo wa Farida.

Farida alipougua, zile wiki za mwisho hakutaka dawa wala uji. Alitaka wimbo. Kondo alimsogezea mashine chumbani. Mara ya mwisho kabisa, zile kwikwi tatu zilipokwisha, Farida alitabasamu na macho yamefumba.

"Baba Tunu, huko ninakokwenda nitamkuta. Nitamuuliza alikuwa analia nini. Nikishajua, nitakuletea habari."

Siku ya mazishi Kondo alisimama kama gogo. Ndipo Adelard, mtu mzima na miwani yake, akaenda kujilaza mbele ya jeneza katikati ya njia, akapiga kelele kwamba Farida haendi popote mpaka ampikie ile pilau aliyomuahidi siku ya Idi. Watu wakacheka na machozi yakiwatoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani: hufanya yale ambayo mfiwa hana ubavu wa kuyafanya. Ni yeye aliyemshika Kondo mkono akamwambia, "Haya, Mzaramo, twende," na Kondo akaweza kutembea.

Tangu hapo Kondo aliucheza wimbo ule kila usiku wa kuamkia Ijumaa, peke yake. Akifumba macho, pale kwenye *fanya hima, mwenzangu,* alisikia kanga ya Farida ikipita karibu. Wala hakujidanganya kwamba ni kweli. Lakini ilikuwa inapita.

Mwaka wa pili ulipotimia alisoma hitima, na jioni, wageni wakishaondoka, aliwawekea Adelard na Tusajigwe ule wimbo kwa mara nyingine. Adelard akaomba aurekodi kwenye simu. Miaka yote Kondo alikuwa anakataa. Siku hiyo, sijui ni ubani, sijui ni ile pilau, akasema haya.

Kosa! Au siyo kosa, mtaamua wenyewe. Adelard aliurusha kwenye kundi, kundi likaurusha kwenye makundi mengine, watu wakauliza huyu bwana ni nani, mbona anatutia simanzi, na ndani ya siku nne wimbo wa Farida ulikuwa umezunguka Dar es Salaam nzima.

Siku ya tano simu ikalia.

"Wewe ndiye Kondo wa santuri?" Sauti ya mwanamke, ya makamo kwenda juu, kavu.

"Ndiye mie. Shikamoo."

"Marahaba. Mie Mwajabu, nakaa Vingunguti, ukivuka machinjio. Kuna mwanaume yumo kwenye simu ya mjukuu wangu, anaimba wimbo wangu kama anasukuma gari bovu. Nataka jina lake."

Kondo alitaka kusema umekosea namba. Mdomo ukasema, "Karibu Jumapili, dada."

Kisha akajuta siku tatu mfululizo. Jumamosi alichukua ile santuri, akaifunga kwenye kanga ya Farida, akafungua sanduku la marehemu, akaitia chini kabisa. Huyu mama akija, ataambiwa imevunjika. Santuri huvunjika kila siku. Nani atabisha?

Jumapili Mwajabu alifika amevaa baibui nyeusi na viatu vya mpira, mwembamba, mkavu, macho makali. Adelard na Tusajigwe walimwamkia, akaitika marahaba mbili kwa mkupuo mmoja. Akakataa kiti cha plastiki, akaenda moja kwa moja kuelekea kiti chenye mto wa maua. Wote watatu wakamkazia macho. Akakitazama kile kiti, akawatazama wao, akajirudi akakaa kwenye mkeka.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani, dada?"

"Mwizi."

"Dada Mwajabu," Kondo alisema, na uongo ulikuwa mzito ulimini, "bahati mbaya ile santuri imevunjika."

Tusajigwe alimtazama Kondo vile manesi wanavyomtazama mgonjwa anayesema amemeza vidonge vyote. Adelard aliinamisha uso kwenye kikombe. Na hapo hapo umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara nne ikachoka, redio ya jirani ikafa katikati ya neno, na Chamazi yote ikatulia. Upepo wa alasiri ulipita kwenye mikorosho nyuma ya nyumba ukaleta harufu ya maua yake. Hapakuwa na la kufanya ila kunywa kahawa.

Mwajabu akanywa. Hasira yake nayo ikapoa kidogo kidogo, maana hasira bila mtu wa kumpa inachosha. Akaanza kusema, siyo kwa Kondo hasa, kwa ile kahawa.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kaka yangu alikuwa anapiga gitaa bendi ya Keko, Mapambazuko iliitwa, bendi ndogo tu, hamuijui. Mwimbaji wao akaumwa koo siku ya kurekodi. Wimbo nilikuwa naujua, niliutunga mie nikiwa nafua nguo zao. Kaka akasema, Mwajabu, panda gari. Nikaimba mara moja. Mara moja tu! Kisha baba akajua. Akasema binti yake hawezi kuuza sauti sokoni. Ndani ya mwezi nimeshaolewa Utete. Santuri ilipotoka mie niko Utete nalima mpunga, na Utete hatukuwa na mashine. Nilikuja mjini miaka mingi baadaye na kaka ameshakufa. Nimetafuta, wapi! Nimezaa watoto saba, nina wajukuu kumi na tisa, kila mmoja nimemwambia bibi yenu aliwahi kuimba kwenye santuri. Wanasema ndiyo bibi. Hivi hivi. 'Ndiyo bibi.'"

Alipangusa mdomo na ukingo wa ushungi.

"Sijawahi kujisikia. Hata siku moja. Mjukuu aliponiwekea simu sikioni nikasema leo, leo ndiyo leo. Kumbe akatoka dume."

Kondo alikaa akitazama vidole vyake. Mwaka mzima na mwingine juu yake alikuwa anajihesabu mtu wa kuhurumiwa kwa kuwa anayo sauti moja tu ya kumkumbushia mkewe. Sasa mbele yake amekaa mtu aliyeishi miaka hamsini na ushei bila sauti yake mwenyewe, naye ameifungia sandukuni. Aliona haya. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Akainuka, akaingia chumbani. Walisikia kifuniko cha sanduku. Akatoka na kanga mikononi.

"Nilikudanganya, dada. Haijavunjika. Nisamehe."

"Nilijua," alisema Mwajabu. "Mtu aliyevunjikiwa na santuri hasemi bahati mbaya. Analia."

Wakakaa kuusubiri umeme. Kondo alimweleza kila kitu, lile beseni, ile sabuni ya mche, ile swichi iliyopunguza mwendo hata sauti ya binti ikazama ikawa ya mwanaume, lile swali la Farida la kila mwaka. Umeme ulirudi jua likiwa limeshalala upande, redio ya jirani ikamalizia neno lake, watoto mtaani wakapiga kelele za furaha.

Kwa ukaidi, au kwa kuaga, Kondo aliuweka kwanza kwa mwendo wa Farida.

Bwana akaimba. *Fanya hima, mwenzangu.* Mwanga wa jioni ulikuwa mwekundu ukutani na ile santuri ilizunguka ikiwa na doa dogo la jua juu yake, linakwenda, linarudi. Mwajabu alisikiliza kichwa kimeinama. Tusajigwe alifumba macho. Kanga ikapita karibu na Kondo, akaisikia. Gitaa likanyamaza. *Huu... huu... huu...*

"Bwana anaimba vizuri," alisema Mwajabu. "Sasa naona kwa nini mlimpenda. Lakini mwishoni pale, mbona analia? Mie sikulia."

"Hata sie hatujui, dada."

Kila mtu akaitazama swichi. Ni kidude kidogo cha chuma, hakifiki hata ukucha wa kidole gumba.

"Dada Mwajabu," Kondo alisema, na safari hii hakuficha kitu, "nikizungusha hapa, Farida ananipotea. Huyu bwana ndiye aliyebaki naye. Nikishamsikia binti anaimba, huyu bwana hatarudi tena. Naogopa."

Mwajabu akaanza kukusanya viatu vyake.

"Basi usizungushe. Nimekaa bila kujisikia mpaka meno yamekwisha, nitamalizia siku zilizobaki hivyo hivyo. Kila mtu na marehemu wake."

Na alimaanisha. Hilo ndilo lililommaliza Kondo. Angegomba, angepata pa kushikilia. Akanyoosha mkono kwenye swichi. Mkono ukarudi. Akaunyoosha tena. Ukarudi.

"Mzaramo," alisema Adelard. "Toka hapo."

Kondo akainua uso.

"Nimesema toka hapo, ubwabwa umekulegeza. Mie nilijua tangu siku ya kwanza niliyokuja hapa kwamba huyo bwana ni msichana. Miaka ishirini na mbili nimekutania kila kitu, pua yako, mguu wako, ukoo wako mzima, hilo sijalitia mdomoni hata mara moja. Leo ninalo. Mie ni mtani wako. Farida akikasirika atanikasirikia mie, na mie ameshanizoea. Inuka."

Kondo alimtazama mtani wake, yule yule aliyejilaza njiani mbele ya jeneza. Akainuka. Akampisha.

Adelard alirudisha sindano mwanzo, akazungusha swichi.

Kwanza lilikuja gitaa, na halikudondosha tena, lilikuwa linakimbia, linaruka madimbwi. Tumba ikalifukuza. Halafu, Mungu wangu, akaingia msichana! Sauti nyembamba, angavu, isiyo na woga wowote, ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana. *Fanya hima, mwenzangu, jua lisituache!* Hakuwa anamwita aliyekufa. Alikuwa anamhimiza kijana wake wawahi dansini. *Viatu viko mkononi, njia naijua!* Kumbe amevivua apate kukimbia. Wimbo mzima ulikuwa unakimbia peku kwenye vumbi la Keko, saa kumi na mbili jioni, mwaka ambao hata Farida alikuwa bado mtoto.

Mwajabu alishika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalipita juu ya vidole na hakuyafuta.

Kondo alikuwa amesimama, ameushika mgongo wa kile kiti chenye mto wa maua. Alikuwa anasubiri. Gitaa likapiga mara ya mwisho, likanyamaza, na pale penye kwikwi, pale pale, zikatoka sauti tatu.

*Ha! Ha! Ha!*

Msichana alikuwa anacheka. Kicheko kilichomponyoka, cha tumboni, kisha kikakatwa ghafla kama mtu kazibwa mdomo.

"Mashaka!" alipiga kelele Mwajabu. "Mpiga tumba! Lijitu linene, lilikaa kwenye kigoda, tunamalizia tu, kigoda kikavunjika, puu, chini! Nikashindwa kujizuia. Kaka akaniziba mdomo. Wakasema utepe umekwisha, hakuna kurudia, basi kicheko kibaki humo humo."

Akacheka tena, na kilikuwa ni kicheko kile kile, kimezeeka tu. Tusajigwe akaangua naye. Adelard alivua miwani, akajifanya anaifuta.

"Weka tena," alisema Mwajabu. "Weka, mwanangu, nirekodi kwa ajili ya wale wa 'ndiyo bibi'."

Adelard akarudisha sindano. Kondo hakuwasikia. Alikuwa ameinama juu ya kile kiti, mkono kwenye mto wa maua, anasema polepole, vile alivyokuwa akisema na mkewe watoto wakiwa wamelala.

"Mama Tunu, usihangaike kumtafuta huko. Yuko huku kwangu, anakunywa kahawa. Na hakuwa analia, mke wangu. Alikuwa anacheka."